Mtoto wa Tanga: Kiswahili tu, Kiswahili na lugha ya bibi, au Kiswahili na Kiingereza?

Wifi yangu alikuja kwangu Makorora Jumapili iliyopita, hata chai hajamaliza akaniambia wifi nisaidie, mwenzio kichwa kinaniuma. Mtoto wao, yani mtoto wa kaka yangu, ana miaka mitatu na nusu na mwakani wanataka kumuanzisha shule. Walimpeleka intavyuu kwenye shule moja ya inglishi midiamu, mwalimu aliewapokea akawaambia mambo mawili kwenye kikao hichohicho. Kwanza kawaambia mtoto anaejua lugha zaidi ya moja anakuwa na akili kuliko mwenye lugha moja. Alafu palepale kawaambia nyumbani acheni Kiswahili, ongeeni nae Kiingereza tu, na hicho Kidigo cha bibi yake ndio kabisa kikome mana kitamchanganya. Sasa wifi anauliza, kama lugha nyingi zinaongeza akili mbona Kidigo kinachanganya, na kama zinachanganya mbona tunaongeza Kiingereza?

Swali zuri sana na sikulijibu siku ile. Nafundisha darasa la kwanza na la pili shule ya msingi hapa mjini, mwaka wa kumi na moja huu, watoto wa kila namna nimewapokea, ila niliyoyaona darasani sikutaka kumpa wifi kama ndio ushahidi wote, kwahiyo wiki nzima nimekaa nasoma tafiti usiku watoto wakilala. Naandika hapa mana najua kina wifi wako wengi.

Kwa familia nyingi za Tanga machaguo yako matatu. Kuna Kiswahili peke yake, ndio wengi wa mjini tunachofanya bila hata kukaa kikao. Kuna Kiswahili pamoja na lugha ya wazee, iwe Kidigo, Kibondei, Kisambaa, Kizigua, au Kimakonde na Kinyamwezi kwa wale ambao babu zao waliletwa kukata mkonge. Na kuna Kiswahili na Kiingereza tangu chekechea. Hapo katikati zipo nyumba zinazochanganya yote matatu.

Hili la akili lina ukweli gani?

Naanzia hapa kwasababu ndio bidhaa inayouzwa, na mzazi akishaambiwa neno akili mfuko unafunguka wenyewe.

Zamani watu waliamini kinyume kabisa. Mwaka 1923 mtafiti anaitwa Saer alipima watoto wa Wales waliokuwa wanaongea Kiwelshi na Kiingereza, akasema wale wa vijijini wenye lugha mbili wako nyuma ya wenzao wa lugha moja. Tafiti za wakati ule nyingi zilikuwa na kasoro ileile, watoto wa lugha mbili walikuwa wa familia masikini zaidi na mara nyingi wanapimwa kwa lugha ambayo sio waliyoizoea, alafu matokeo yakiwa mabaya lawama inapewa lugha. Hiyo kauli ya "Kidigo kitamchanganya" ndio mjukuu wa mawazo yale, miaka mia moja baadae bado inatembea.

Mwaka 1962 kule Montreal nchini Kanada, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipima watoto wa miaka 10, safari hii wakahakikisha familia zao zinalingana kimaisha. Wenye Kifaransa na Kiingereza wakawapita wenzao, mpaka kwenye mitihani isiyo na maneno. Upepo ukageuka hapo. Ila tusome vizuri, wale watoto walichaguliwa wakiwa tayari wanaziweza lugha zote mbili sawasawa, na mtoto wa miaka 10 anaeziweza lugha mbili sawasawa huenda alikuwa mwepesi toka mwanzo. Kipi kimezaa kipi hapo huwezi kusema.

Alafu akaja Ellen Bialystok wa Toronto. Yeye na wenzake walileta maelezo ambayo binafsi naona yana mantiki sana: mtu mwenye lugha mbili, akiongea moja ile nyingine hailali. Zote ziko macho. Ni kama umeshuka stendi, makonda wawili wanakuita kwa pamoja, huyu Pongwe huyu Raskazone, kila mmoja anakuvuta mkono, na wewe lazima umkatae mmoja ndio upande gari la mwingine. Mwenye lugha mbili anafanya kazi ya kukataa hivyo kutwa nzima, kila neno, bila kujijua. Kwahiyo wakasema hilo zoezi linamjenga kwenye umakini, kwenye kuzuia jibu la haraka lisilo sahihi na kwenye kuhama toka kazi moja kwenda nyingine. Wanapima kwa michezo kama ule ambao neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani na wewe unatakiwa utaje rangi ya wino, sio kusoma neno. Jaribu uone ulimi unavyoteleza. Bialystok mwaka 2004 akatoa matokeo kwamba wenye lugha mbili, hasa wazee, wanafanya vizuri zaidi kwenye mchezo wa aina hiyo.

Habari ikaenea dunia nzima, na naamini mpaka ofisi ya ile shule aliyoenda wifi imefika kwa njia hiyohiyo. Kilichofuata ndio hakikuenea.

Mwaka 2013 Kenneth Paap na Zachary Greenberg wa San Francisco walirudia vipimo vingi wakakosa ile faida. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake wakafanya kitu cha maana sana, walichukua mihutasari 104 iliyowasilishwa kwenye makongamano wakafuatilia ipi ilifika kuchapishwa, wakakuta tafiti zilizosema "faida ipo" zilichapishwa zaidi kuliko zilizosema "hatujaiona". Yani sisi wasomaji tulikuwa tunaonyeshwa upande mmoja. Mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake wakakusanya tafiti 152 za watu wazima, walipoondoa huo upendeleo wa uchapishaji faida ikayeyuka. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mkubwa wa watoto 4,524 wa miaka 9 na 10 kule Marekani, faida haikuonekana. Mwaka 2020 wakapimwa watu wazima zaidi ya 11,000 mtandaoni, hivyohivyo.

Hukumu yangu mimi mwalimu wa darasa la kwanza: ukiambiwa lipa ada hii mtoto awe na akili zaidi kwasababu ya lugha mbili, usilipe kwa sababu hiyo. Kama faida ya umakini ipo basi ni ndogo na inategemea mtu anazitumiaje hizo lugha. Na upande wa pili, ukiambiwa lugha mbili zitamvuruga mtoto, hilo nalo halijathibitika na lina ushahidi mwingi wa kulipinga. Mwalimu yule alikosea pande zote mbili, na simlaumu kwa ubaya, ni mambo yanayosemwa kila kona.

Ila kuna mawili yamesimama

La kwanza ni kuijua lugha kama kitu. Mtoto mwenye lugha mbili anatambua mapema kwamba jina la kitu sio kitu chenyewe. Mwaka 1972 Anita Ianco-Worrall aliwauliza watoto wa Afrika Kusini, wenye Kiafrikana na Kiingereza, maswali ya aina hii, nayaweka kwa Kiswahili chetu: neno lipi liko karibu na "kofia", ni "kofi" au ni "baraghashia"? Mtoto mdogo wa lugha moja mara nyingi anavutwa na sauti, kofia na kofi. Wale wa lugha mbili walienda kwenye maana mapema zaidi. Sasa mwalimu wa kusoma na kuandika akisikia hivi anafurahi, mana mtoto anaeweza kulitenga neno na kuligeuzageuza ndie unaemfundisha silabi bila kuvutana.

La pili ni uzeeni. Bialystok na wenzake mwaka 2007 waliangalia mafaili ya wagonjwa 184 wa kliniki moja ya Toronto, watu wenye demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fahamu uzeeni. Wale wa lugha mbili dalili zilikuwa zimewaanza miaka 4 hivi baadae kuliko wa lugha moja. Watu wakasema labda kwasababu ni wahamiaji, na mtu anaehama nchi mara nyingi ni mwenye afya na juhudi. Basi mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake wakaangalia wagonjwa 648 Hyderabad, India, ambako lugha mbili tatu ni maisha ya kawaida ya mtaani kama hapa kwetu na mtu hajahama popote. Wakapata tofauti ya miaka 4 na nusu, na ikaonekana hata kwa wasiojua kusoma. Tena lugha ya tatu na ya nne hazikuongeza kitu juu ya mbili. Hapo mi niliweka simu chini nikamfikiria mama, ambae hajakaa darasani hata miaka minne lakini anahama toka Kidigo kwenda Kiswahili kama anavyobadilisha khanga.

Ule mwingine wa Edinburgh ndio ninaoupenda zaidi kwa ufundi wake. Kule Scotland watoto walipimwa akili mwaka 1947 wakiwa na miaka 11, alafu 853 kati yao wakapimwa tena wakiwa na miaka ya sabini. Kwahiyo Thomas Bak na wenzake, walioandika mwaka 2014, walikuwa na kipimo cha utotoni mkononi, hakuna wa kusema "alikuwa mjanja toka zamani". Waliojua lugha ya pili walifanya vizuri kuliko ilivyotegemewa kutokana na alama zao za utotoni, na kati yao 65 waliijifunza wakiwa wameshapita miaka 18.

Lugha haizuii ugonjwa lakini, tuelewane. Mwaka 2012 watafiti wa Toronto walipiga picha za ubongo za wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, wakakuta kwa wagonjwa wanaolingana hali, ubongo wa mwenye lugha mbili umeharibika zaidi na bado alikuwa anamudu sawa na mwenzie. Ni akiba, kama nyumba ina milango miwili, mmoja ukizibwa unatoka kwa mwingine. Ugonjwa uko palepale. Na mnaojali wazee wenu, tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia demensia na yanayoweza kurekebishwa, humo kuna presha, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona, sigara, upweke, kukosa elimu, lugha ya pili haimo kwenye orodha. Kwahiyo presha ya mama ipimwe kwanza, hayo ya lugha yafuate.

Kiswahili peke yake

Nikirudi kwenye machaguo, hili nitalisema kwa ufupi kwasababu halina ugomvi. Mtoto mwenye Kiswahili tu hajapungukiwa akili, hao watoto elfu nne na ushee wa Marekani ndio ushahidi. Tena kwa maneno huwa yuko mbele kidogo: tafiti zinaonyesha mtoto wa lugha mbili, ukimpima lugha moja moja, ana msamiati mdogo kidogo kwenye kila lugha, ingawa ukijumlisha zote mbili analingana au anazidi. Mpaka mtu mzima wa lugha mbili anachelewa kidogo kukumbuka jina la kitu akionyeshwa picha.

Ila kwa Tanga ninachokiona ni kwamba Kiswahili chenyewe tunakitoa nusu. Mtoto anashindishwa kwenye simu anaangalia katuni, baba yuko kazini, dada wa kazi anamwambia kaa, kula, toka hapo. Akija kwangu darasani ana Kiswahili cha amri tu, hajui kusimulia jana kulitokea nini. Ukichagua Kiswahili peke yake basi kitoe chote, na methali, na vitendawili, na ubishi wa barazani, na kile Kimtang'ata cha wazee wa Tongoni na Pangani ambacho kina maneno hata vitabu vya shule havina. Lugha moja iliyoshiba inamfikisha mtoto mbali.

Kinachokosekana hapa ni bibi. Mtoto anakaa na bibi yake nyumba moja na kuna nusu ya bibi hataijua.

Kiswahili na lugha ya bibi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, sifichi, ila nitajitahidi kusema na gharama zake.

Juzi huyo mtoto wa kaka alikuwa kwangu, bibi yake akamwambia lete madzi. Kaleta. Alafu kasimama akasema, shangazi, bibi anasema madzi sisi maji, na anasema mudzi sisi mji. Hakuna aliemfundisha. Miaka mitatu na nusu na ameshaona kwamba penye ji yetu Kidigo kina dzi. Nimekaa kozi za walimu siku nzima tunafundishwa namna ya kumfanya mtoto asikie sauti ndani ya neno, na huyu kaipata jikoni kwa kikombe cha maji. Hilo ni lile la kuijua lugha kama kitu nililolisema juu. Na Kidigo na Kiswahili ni ndugu wa karibu, sawa na Kibondei, Kisambaa na Kizigua vinavyofanana vyenyewe kwa vyenyewe, kwahiyo mtoto wa mkoa huu analinganisha lugha bila kuambiwa.

Na mkoa wetu mtu akisema lugha mbili zinavuruga akili mpeleke Lushoto kwa Wambugu. Wale wana aina mbili za lugha yao, moja maneno yake yamefanana na Kipare, nyingine inaitwa Kima'a maneno yake mengi yanatoka kwenye lugha za Kikushi, zile zenye undugu na Kisomali, na zote mbili zinatumia sarufi ileile. Wataalamu wa lugha duniani wanaandika vitabu kuhusu hao watu, na wao wanalima tu mashamba yao milimani na kulea watoto.

Gharama sasa. Shilingi hakuna, ila inataka masaa. Bibi anaetembelea mara moja kwa mwezi hawezi kumpa mtoto lugha, atampa salamu na majina ya vyakula. Anatakiwa mtu anaekaa na mtoto kila siku na asiewaza kuona haya. Kuona haya ndio adui mkubwa hapa, mana watu wazima wa mjini tukiongea Kidigo mbele za watu tunashusha sauti, na mtoto anaisoma hiyo sauti iliyoshuka kuliko maneno yenyewe. Pili mtoto atachanganya, ataweka neno la Kidigo kwenye sentensi ya Kiswahili, na watu watakwambia unaona? Hajachanganyikiwa. Anachota neno lililo karibu, hata sisi tunafanya hivyo kutwa. Tatu wengine wanaogopa mtoto atachelewa kuongea, hatua zile kubwa, neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, kuunganisha maneno mawili karibu na miaka miwili, zinakuja nyakati zilezile kwa wenye lugha mbili. Mtoto akichelewa sana mpeleke hospitali asikilizwe masikio, usikimbilie kumnyang'anya lugha ya bibi ukadhani umetibu. Hata watoto wenye tatizo la Down, ile hali ya kuzaliwa inayochelewesha akili na kuongea, wameonekana wanaweza kujifunza lugha mbili.

Faida ya shuleni moja kwa moja hakuna, nisidanganye. Mtihani wa darasa la saba hauna Kidigo.

Kiswahili na Kiingereza toka chekechea

Sababu ya wazazi kuitaka hii haihusiani na ubongo kabisa, tuseme ukweli. Ni kwamba sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote, kidato cha kwanza anakuta photosynthesis ukutani na mwalimu ameshaanza kufuta ubao. Nimewaona wanafunzi wangu, watoto niliowajua wepesi kabisa, wanarudi kunisalimia wako kidato cha pili wamekuwa wakimya. Inauma. Tume ya Makweta, ile ya serikali kuhusu elimu, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985 na haikufanyika, na mwaka 1984 Criper na Dodd waliopima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta wengi hawakimudu kiasi cha kusomea. Miaka arobaini hiyo. Kwahiyo mzazi anaelipa ada ya inglishi midiamu ana hofu ya haki na simcheki hata kidogo.

Swali langu ni kama njia ya kuanza miaka mitatu na kufuta Kiswahili ndio inayofika huko. Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba mtoto anaeingia lugha mpya ya shule, Kiingereza cha kuongea michezoni anakipata ndani ya miaka 2 hivi, lakini cha kusomea, cha kueleza sababu na kulinganisha, kinachukua miaka 5 mpaka 7. Na hao ni watoto wanaoishi katikati ya waongeaji, madukani Kiingereza, kwenye basi Kiingereza. Ngamiani barabara ya ishirini nani anauza vitumbua kwa Kiingereza? Wazazi wanasikia mtoto kasema "good morning visitors" wanaona kazi imeisha, na kazi hata nusu haijafika.

Nyingine, kile anachokijua mtoto kwenye lugha ya kwanza kinahamia kwenye ya pili. Akijua kusimulia kwa mpangilio kwa Kiswahili hajifunzi upya kusimulia kwa Kiingereza, anajifunza maneno tu. Nigeria kule Ile-Ife, kuanzia 1970, mradi wa Babs Fafunwa ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi huku Kiingereza kikiwa somo, wenzao wakahamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu. Wale wa Kiyoruba walifanya vizuri zaidi kwenye masomo na kwenye Kiingereza hawakubaki nyuma. Mzazi wa Tanga aubandike ukutani huo.

Na hofu ya kuchelewa je? Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake walichambua majibu ya sarufi ya Kiingereza ya watu karibu 670,000, wakakuta uwezo wa kushika sarufi unabaki juu mpaka karibu miaka 17, ingawa anaetaka kufika kabisa kama mzaliwa inabidi aanze kabla ya miaka 10 hivi. Kwahiyo akianza kwa uzito akiwa na miaka 6 au 7, nyumba haijaungua.

Sasa lile la "nyumbani ongeeni Kiingereza tu" ndilo lililonifanya niandike. Wifi ana Kiingereza cha kidato cha nne, kaka yangu kidogo zaidi. Wakifuata ule ushauri, mtoto atasikia nini kutwa? Come here. Sit down. Eat. Don't touch. Basi. Hatasikia hadithi ya sungura, hatabishana na baba yake kwanini bahari ya Raskazone inaondoka mchana na kurudi jioni, hataulizwa unafikiri kwanini. Mzazi hodari kwa Kiswahili anageuzwa bubu ndani ya nyumba yake, na mtoto anapoteza mwalimu wake wa kwanza ili apate nusu ya mwalimu wa pili. Hapo ndipo mtoto anaweza kweli kupungukiwa, hana lugha hata moja iliyoshiba. Mtu asikwambie hivyo ukakubali.

Kama una shule ambayo walimu Kiingereza chao kiko sawa, wana vitabu vya hadithi, wanamuacha mtoto aulize kwa Kiswahili asipoelewa, wala hawamvishi kibao shingoni kwa kusema "maji", mpeleke ukiweza ada. Kabla ya kulipa omba ukae darasani nusu saa. Sikiliza watoto wanajibu kwa sentensi zao wenyewe au wanaitikia kwaya. Nusu saa hiyo itakuonyesha zaidi ya basi la njano na sare za vibaraghashia.

Kwahiyo nani achukue lipi

Kama bibi au babu anakaa hapo nyumbani na lugha anayo, chukua Kiswahili na lugha ya bibi, wala usiulize mara mbili, mlango huo una muda wake na bibi akiondoka haufunguliwi tena kwa ada yoyote. Kiingereza kifuate kuanzia darasa la kwanza kama somo la kutiliwa mkazo, na vitabu vya hadithi rahisi, na ukipata mtu mwenye Kiingereza cha kweli wa kuongea nae mara mbili kwa wiki shukuru.

Kama nyie wote wawili ni Kiswahili tu na hakuna mzee, msijilaumu, kitoeni chote. Kama mtoto tayari yuko inglishi midiamu, msimuhamishe kwa kusoma haya, ila nyumbani iwe Kiswahili na kila jioni aeleze kwa Kiswahili alichosoma mchana. Akishindwa kueleza basi mchana hakuelewa, na umegundua mapema.

Na mama au baba wa miaka arobaini, hamsini, anaetaka kujifunza lugha kwa ajili ya kichwa chake, wale 65 wa Edinburgh wanatosha kukupa moyo. Chagua ile yenye mtu wa kuongea nae kila siku, programu ya simu peke yake inachosha ukaacha. Mwenye mkwe Msambaa ana mwalimu wa bure na heshima juu.

Wifi nilimpigia jana usiku. Nilimwambia Kidigo kibaki, na Kiswahili kibaki, na shule ile asilipe kwanza. Akanyamaza kidogo akasema, na Kisambaa changu mimi je, mbona kwenye mahesabu yenu ya Kidigo sijakisikia? Kweli nilikuwa nimekisahau. Mama yake yuko Lushoto, wanaongea kwa simu Jumapili dakika kumi, na dakika kumi hazitoshi. Tumekubaliana Desemba shule zikifunga mtoto apande huko akae mwezi mzima na watoto wa mjomba wake, na wifi aanze leo kumuogesha kwa Kisambaa, mana wakati wa kuoga bibi wa Kidigo huwa hayupo.